Bomba la Kushoto

Utakayekuja baada yangu, nakuachia karatasi hii
kwenye droo ya jikoni, chini ya kiberiti.
Mimi ni wa Tukuyu, mvua ndiyo iliyonilea.
Nilishuka Sohar mwezi wa tano, koti la sufu mkononi,
na kiburi cha mtu aliyeagwa na kwaya tatu.

Joto la huku halipigi hodi.
Linakukuta ngazini, linakukamata shingo
kama mnadaiana.
Ukifungua mlango miwani inaingia ukungu,
ukungu ule ule wa Rungwe,
ila huu unaunguza.

Wiki ya kwanza nilifunga, hata maji sikugusa mchana.
Nilisema: mtumishi hujulikana kwa jasho.
Harara zikanitapakaa mgongoni kama mtama uliomwagika,
mkojo ukawa rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni,
nami nikauita ushuhuda.

Ijumaa ya pili (ndiyo Jumapili yetu huku)
nilitoka kwa miguu saa sita, joho jeusi mwilini.
Nakumbuka kivuli changu, kifupi kama kisigino.
Kisha sikumbuki kitu.
Nilizindukia zahanati, dripu mkononi,
Sista Lissamma wa Kerala akihesabu mapigo yangu.
Aliuliza bila kuinua macho:
Nani alikutuma ufe?
Nikapekua yote niliyosomea chuoni.
Jibu halikuwemo.

Jioni akaja Bi Zuwena, mwenye nyumba.
Aliondoka Wete akiwa na miaka tisa,
na Kiswahili chake kingali na umri huo huo.
Alibeba mtindi wa chumvi na ndimu kavu za kuchemshia,
akanipita kitandani, akaenda bafuni,
pa! akazima hita.

"Huku mambo kinyume, yakhe.
Bomba la baridi lateremka tangini, juu ya paa,
jua lishayapika maji, yakubabua.
Hili la kushoto, la moto, lizimie hita.
Maji yalale humu ndani, kivulini.
Asubuhi ndiyo baridi yako. Koga."

Nilikoga.
Nililia pia, lakini bafuni nani anatenganisha maji?

Basi kunywa kabla kiu haijakuita.
Chumvi kidogo, tende mbili, usijifanye malaika.
Adhuhuri lala, wala usione haya:
hata wafunga nondo, kiangazi, sheria huwapumzisha.
Na ukipiga simu nyumbani
usiwaambie kila mara kwamba yote ni heri.
Mama atajua, sauti itakuwa imekauka.

Waumini ni sita, ukihesabu vizuri.
Mumbua huja mwezi mmoja, mwezi mmoja haji;
Ijumaa zake ni mali ya jiko la watu.
Siku akija hukaa karibu na mlango
na huimba kama anayelipa deni la wiki nane.
Mwakio wa bandarini husinzia tangu sala ya kwanza.
Nilimkemea mara moja.
Sasa namwekea mto.

Jina langu Tusubilege. Kwetu maana yake: na tutumaini.
Nililibeba miaka thelathini na nne kama kitambulisho,
nikidhani tumaini ni tangi lile la juu,
karibu na mbingu, limejaa, linachemka.
Siku hizi, nikizima hita kabla ya kulala,
hukaa kidogo gizani, kidole kwenye swichi.
Sisemi kitu. Naacha maji yapoe.

Jambo la mwisho: kiyoyozi kinavuja.
Usimwite fundi.
Weka ndoo, fumba macho, sikiliza:
tone, tone, halafu matatu kwa pamoja,
mvua ya Tukuyu ikijaribu bati.
Ndoo ikijaa, mwagilia mrehani ulio dirishani.
Ni wa Bi Zuwena.
Atapita kuukagua.