Kizingiti

Waya huu, Skaistė, hauonekani.
Ng'oa unywele mmoja kichwani mwangu, huo mweupe,
upasue upana wake mara mia nne:
kijibanzi kimoja ndicho tunachokikeshea usiku huu.

Nje, Vilnius imelala chini ya theluji ya Februari,
trolibasi la mwisho limekwisha kupita.
Humu tumezima taa. Pazia jeusi
tumelibana kwa vibanio vya kuanikia nguo,
nawe unahesabu kwa mnong'ono.

Wa kwanza uliungua.
Wa tisa ulivunjika nilipokohoa. Naam, mimi Daumantas,
niliyesugua lenzi kiwandani miaka ishirini
bila kuacha mkwaruzo,
nikashindwa na kikohozi.
Huu ni wa arobaini na moja.

Unaongeza nguvu, chembe kwa chembe.
Kijani kinaamka, ila kijani cha ovyo,
kama soko la Kalvarijų asubuhi, kila mtu na bei yake.
Kila elektroni inadondokea tundu lake kwa saa yake,
inatema cheche, basi.
Kwenye skrini, kilima kinene, kivivu.

Unaongeza.
Kilima kile kile.
Unaongeza.
"Ngoja," nasema, "utauchoma."
Huningoji.

Ndipo cheche moja inapogonga ncha ya waya na kurudi,
inagonga ncha ya pili, inarudi,
na njiani inaikuta elektroni inayosita ukingoni,
inaiambia: sasa.
Nayo inaanguka, inazaa pacha wa cheche ile,
rangi ile ile, hatua ile ile, upande ule ule,
na mapacha wanakwenda kuwaamsha wengine,
wawili, wanne, wanane,
sijamaliza kuhesabu
kilima kimejikunja, kimesimama sindano.

Hupigi kelele.
Unaandika namba kwa penseli, unaifuta,
unaiandika tena vile vile.
Unapunguza nguvu, sindano inalala.
Unapandisha: inasimama pale pale, si kabla.
Kumbe hata mwanga una mlango wake,
na huinua mguu kuingia.

Dakika ya nne waya unakufa.
Kwenye skrini, giza tambarare.
Unavua miwani ya kinga, imekuachia alama puani,
unaniuliza kama chai imebaki.

Imebaki. Imepoa.
Unakunywa hivyo hivyo, umesimama,
na mkono wa pili tayari unapapasa
kisanduku cha arobaini na mbili.