Mstari Mtupu

Mimi nilikuwa mshika saa.
Saa tatu za chuma zikining'inia kifuani,
penseli nyuma ya sikio, daftari la mistari,
na koti zito, maana katika milima ya Ardeni
mvua haipigi hodi; ina ufunguo wake.

Ghislain Thonnard alipita mbele yangu
mara elfu kumi na moja, mia nne na sita.
Zote zimo humu: dakika, sekunde,
na vile vipande vya sekunde
visivyoshikika ila kwa kidole gumba.

Baba yake alikuwa mtengeneza ngozi, Stavelot.
Kijana alinuka magome ya mwaloni na chokaa
hata siku aliyokuja kuazima gari la watu,
jekundu, lenye breki za kubahatisha.
Walimcheka. Saa sita baadaye
wakatumana mbio kumtafutia shada la maua,
la ushindi, si la kaburi,
ingawa siku zile duka lilikuwa moja.

Mama yake akisema: kawia ufike.
Naye: nitafika, mama, kisha nitakawia hukohuko.

Niliisoma roho yake kwa tarakimu.
Akikasirika, alipunguza nusu sekunde.
Alipozaliwa Maïté, binti yake, aliongeza nusu,
mwezi mzima.
Sikumwambia mtu.

Halafu ule usiku wa ukungu, saa tisa na ushei,
mzunguko wa mia moja sitini na mbili.
Kidole tayari.
Dakika nne. Nne na sekunde kumi.
Likapita la njano, likapita la kijani,
yakapita yale mabovu tuliyokuwa tukiyacheka,
na saa yangu ikaendelea kutembea
kwa kuwa hakuna aliyeniambia niisimamishe.

Hakufa. Mguu wa kushoto tu
ulikataa kukanyaga klachi tena.
Daftarini, mstari ule ni mtupu.

Aliuza kiwanda cha baba yake
akanunua magari mawili, lori moja, na deni.
Akamwajiri Elio Scarpari, mwana wa wachimba makaa
waliohamia kutoka Italia, mwembamba kama utambi,
asiyejua gia ya kurudi nyuma ni ya nini.

Usiku wa kwanza wa mbio, tajiri akasimama kando yangu,
fimbo mkononi, tukimngoja Elio.
Kachelewa sekunde tatu.
Ghislain akaushika ukingo wa meza.
Sekunde tano.
Nikasikia akimeza mate makavu.
Gari likapita; kumbe kizuizi tu, mzembe mmoja mbele yake.
Akanigeukia:
"Odile, ndivyo ilivyokuwa? Kila mzunguko?"
Nikabonyeza. Nikaandika kwanza.
"Kila mzunguko."
Akaenda zake, akarudi na kahawa,
ya kwanza kuniletea kwa miaka ishirini,
akasahau sukari.

Sitaki kumpamba. Mishahara ilichelewa.
Alifukuza mafundi wazuri kwa sababu mbaya.
Na mwaka ule wa mvua kubwa, tukiongoza,
alimwita Elio ndani abadilishe tairi
wakati wenzetu wote wanajikaza.
Kutangulia si kufika, akasema.
Elio alimtukana kwa Kiitaliano; hatukutafsiri.
Natamani kusema aliyetupita alianguka.
Hakuanguka. Alishinda, salama salimini,
akamwagiwa shampeni,
na wafadhili wetu wakaondoka mapema.
Kama Ghislain alijuta, hakunijuza.

Sasa mashine ndizo zinazohesabu,
timu ina jina la watu wengine.
Jumapili iliyopita alinijia, fimbo mbili,
akaliomba daftari, akalipekua hadi pale.
"Andika kitu hapa," akasema.
"Niandike nini? Hukupita."
Akaichomoa penseli nyuma ya sikio langu,
akainama, muda mrefu, kwa neno moja:
*nakuja*.

Mwandiko wake mbaya.
Umeukanyaga mstari wa chini.