Nyuzi Sita

Fundi Lusangija hakuwahi kuhitaji alama.
Miaka thelathini na nne pale Isevya, nyuma ya mashine ya kukoboa,
alilegeza nati ya distributa, akainamisha kichwa
kama anayeteta na jirani,
akaigeuza kidogo, tena kidogo, hadi injini ikakubali.
"Alama ni za watu wasio na masikio."

Ndipo Landrova ya Mhoja, mbeba asali wa Sikonge,
ikarudi mara ya tatu mwezi huohuo.
Nikipanda na mapipa inagonga, alisema,
kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo.
Fundi akawasha, akavuta mafuta, akainama.
"Haigongi."
Mimi nilikuwa hatua kumi, nimeshika ndoo,
na niliisikia hadi kwenye meno.

Sikusema.
Anayekulisha, humwambii mbele ya mteja
kwamba kengele yake imepasuka.

Alhamisi akaenda Kitete hospitali kuonyesha goti
(goti, si sikio),
nikafungua boneti.
Puli ilitoka gari jingine,
laini kama paji la mtoto, haina hata mkwaruzo,
na mshale wa kiwandani ulishavunjika, hakuna aliyeukumbuka.

Kilele cha pistoni hukipati kwa kukitazama.
Pale juu inatua kidogo kabla ya kushuka,
na katika kutua huko inakudanganya.
Nikatwaa plagi mbovu, nikaitoboa, nikaipitishia bolti,
nikaifunga silinda ya kwanza iwe kizuizi.
Nikazungusha kwa spana, polepole. Ikagota. Nikachora.
Nikarudisha kinyume. Ikagota. Nikachora.
Kilele kiko katikati ya mikwamo miwili,
mahali ambapo mkono wenyewe haukufika.

Tepu niliazima kwa Nyanzobe, mshona sare.
"Unampima nani?"
"Puli."
Alicheka hadi akajichoma kidole.
Kiuno chake: sentimita hamsini na nne.
Basi kila uzi wa duara ni milimita moja na nusu,
na nyuzi sita ni milimita tisa.
Tisa upande upi? Hapo wengi hupotea.
Upande unaotangulia kupita,
kwa kuwa cheche lazima iwahi; moto nao una safari yake.
Ukiuita pistoni ikiwa kileleni, umechelewa.
Ukiuita mapema mno, unaipiga usoni ingali inapanda,
na hiyo ndiyo misumari ya Mhoja.

Nikakata mfuo kwa msumeno wa chuma,
nikaujaza rangi nyeupe ya kucha,
iliyobaki tangu harusi ya dada.
Mshale niliukata kwenye debe la asali,
nikaubana kwa bolti ya kava.
Nyuki wawili walikuja kuuliza.

Jioni. Taa ya taiming, mali ya karakana ya reli,
imepatikana kwa ahadi ya soda mbili.
Fundi alirudi na dawa za goti, akakuta injini inanguruma,
feni inapuliza vumbi, nami nimechuchumaa
namulika puli inayokimbia hata haionekani,
na ndani ya mbio hizo mstari mweupe umesimama.
Umesimama tu, kama umechorwa ukutani.
Ila haujaufikia mshale.
Umebakiza upana wa kidole gumba.

Alitazama muda mrefu kuliko nilivyotaka.
Akalegeza nati. Akaishika distributa kwa mkono uleule,
lakini safari hii kichwa hakukiinamisha.
Mstari ukasogea, unywele, unywele,
ukaingia chini ya ncha ya debe.

Akanigeukia. Miaka mitano nafua ovaroli zake,
hajawahi kuniuliza.

"Inagonga?"

"Haigongi, fundi."

Akakaza nati.
Kisha akaokota kile kichupa cha rangi ya kucha,
akakifunga kifuniko vizuri,
akakitia mfukoni mwake.