Kituo cha Mjinga

Kisa aliniletea mchoro wa upanga
uliochapwa na mashine iliyokwisha wino,
akasema: Fundi, nataka sita kama huu,
urefu toka unyayo mpaka kwapani.
Mimi ni seremala wa Keko. Natengeneza vitanda.
Nikamuuliza, vita vya wapi?
Akacheka. Vya Ujerumani, karne sita zilizopita.

Nikanyamaza kidogo.
Wajerumani wanaotajwa kwetu
hawakuja na michoro. Walikuja na kamba,
na babu yake mama, kule Songea,
hana kaburi la kuonyesha mtu.
Malipo ya awali nilichukua hata hivyo.
Mninga ulikuwepo. Kodi ya banda pia.

Jumapili nikapeleka mzigo nyuma ya gereji, Chang'ombe:
helmeti za bodaboda, glavu za kuchomelea,
muuguzi wa Temeke aliyetoka zamu ya usiku,
Nkwabi muuza vipuri na mdogo wake,
na Kisa na kurasa zake ndani ya mfuko wa rambo.

Kitabu chenyewe, akasema, ni mashairi,
kimefumbwa makusudi
ili asiyefundishwa asiambulie kitu.
Hapo nikainua kichwa.
Fumbo mfumbie mjinga: hilo ninalijua,
nimelelewa nalo.
Alikuwa akihesabu mizani kwa vidole,
ubeti mmoja tangu Ijumaa:

   Upanga si nguvu zako, si ukubwa wa mabega,
   usikize wa mwenzako, ndipo uanze kupiga.

Muuguzi akakataa: "kupiga" umeliweka kwa ajili ya kina tu,
kwenye kitabu halimo.
Wakabishana nusu saa, panga kwapani.

Vituo ni vinne.
Fahali: ncha mbele ya uso, kama pembe.
Plau: mpini nyongani.
Dari: upanga juu, tayari kushuka
(hapa Nkwabi alivunja taa ya gereji).
Na Mjinga: ncha chini, kifua wazi,
umesimama kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Nikapewa hicho. Kinanifaa, nikasema.

Nkwabi akaja na nguvu zote za kubeba injini.
Sikufikiri.
Miaka ishirini na randa mkononi
unajua mbao inapokataa na inapokubali
kabla macho hayajajua.
Mti ukagusa mti. Nikausikia wake ukisukuma,
nikalegea, ukapita,
na ncha yangu ilikuwa imetulia
kwenye kioo cha helmeti yake.

"Mjinga kaerevuka," akasema kwa ndani.

Kisa hakucheka. Alipekua kurasa,
akasoma neno moja la Kijerumani, polepole,
akaitazama mikono yangu, akalisoma tena.
Miezi minne, akasema, tunalitafuta hili.

Wa saba nimeuchonga usiku,
kwa mbao ya kitanda ambacho mwenyewe hakurudi.
Umesimama nyuma ya mlango.
Mama akija kutoka Songea
nitasema ni fito ya pazia.