Chupa Mbili

Bomba limeota kutu shingoni.
Nalichoma kwanza kwa kiberiti cha gesi,
ili nisije nikapima mikono ya watu badala ya maji,
kisha nayaacha yatiririke dakika tatu.
Maangavu. Ukiyatazama tu, utayaapia.

Juu yake, jiweni, wamechonga:
ASEN. MIAKA ISHIRINI NA MIWILI.
KUNYWA, MPITA NJIA, MWANANGU ASIONE KIU.
Lori la magogo, ile kona ya pili ukishuka.
Na kikombe cha bati, kwenye mnyororo.

Mama yake, Velika, alikuwa amesimama mlangoni.
"Umekuja kumpima?"
Hakusema kuyapima. Nilisikia vizuri.

Sasa nikiri jambo ambalo halimo kwenye fomu:
nilipokwisha kuifunga chupa, nikaipa namba,
nikailaza kwenye sanduku la barafu,
alinikingia kikombe.
Ningefanyaje?
Nikanywa. Baridi ikapanda hadi mizizi ya meno,
na utamu, jamani, utamu usiojua sukari.

Usiku ule Smolyan kulikuwa na chupa mbili:
moja mashineni, nyuzi thelathini na tano,
moja kitandani, nyuzi thelathini na saba,
zote zikilea kisichoonekana.
Nililisikiliza tumbo kama mwizi anavyosikiliza mlango.
Liliunguruma mara moja. Huenda yalikuwa maharagwe.

Asubuhi mashine ikatangulia kusema.
Maji yamegeuka njano, njano ya mkojo,
na chini ya taa ya zambarau yakawaka buluu
kama jicho la paka mvunguni.
Zizi la kondoo la Rusko liko juu, hatua mia mbili,
na mvua ya Mei haiombi njia.

Mimi? Sikuumwa. Hata kuchafuka tumbo.
Hapo ndipo ninaposhindwa kuwaeleza watu:
wengi wanakunywa miaka nenda miaka rudi, wazima,
na mtoto wa Zlatka, miezi tisa, akalazwa siku nne,
wakasema meno.

Nikarudi na kibao chekundu na bisibisi.
Hotuba sikuwa nayo.
Velika alisoma herufi moja moja, HAYAFAI KUNYWEWA,
akafuta kwenye aproni mikono iliyokuwa mikavu.
Nilingoja tusi.
Akaninyang'anya bisibisi.
"Si hapo. Utamfunika.
Weka chini, kule wanakonywea paka."
Akakifungua kikombe mnyororoni,
akaingia nacho ndani, asiniage.

Jumamosi nilipita tena, bila sanduku.
Juu ya jiwe palikuwa na birika lililofunikwa kitambaa,
na kikombe kando yake, kimefudikizwa.
Maji yale yale, yamechemka, yamepoa.
Nikamimina. Hayakuwa na ladha yoyote.
Pazia la dirisha lilitikisika.
Nikakimaliza kikombe chote.