Dakika Tano

Hajji Maatuki alinipa joho lingali na joto la pasi,
kalifunga kwa shuka ya kitanda, akasema:
"Siyu" (huniita kwa jina la mji wangu,
langu halimkai kinywani)
"treni ya Damamu ni saa tano kasorobo.
Bwana harusi hangoji, na treni haina adabu."
Akanipa dua. Nauli hakunipa.

Mwaka wa tatu huu niko Hufufi
na sijapata kuuliza steshini iko wapi.
Aliyekuja kwa ndege, akalala nyuma ya duka,
ana haja gani na reli?

Nikatokea Kaisaria kwa mlango wa wauza viatu,
kwenye kivuli, ngozi na bizari,
nikamuuliza muuza ndimu.
"Karibu hapo. Dakika tano."
Nikamuuliza mwenye tende. "Saba."
Nikamuuliza askari chini ya Boma la Ibrahimu,
lile lenye kuba nyeupe, bakuli la uji lililofudikizwa.
"Nne, barabara ikiwa wazi."
Ndipo nikafahamu: kila mmoja
alikuwa ameketi garini, humo kichwani mwake.
Dakika za miguu hakuna aliyekuwa nazo.

Kwetu mtu huelekezwa hivi:
pita kwa mama Zuhura, ukisikia cherehani pinda,
ukimwona mbuzi mweusi, umeshapotea.

Hapa uchochoro uliniacha ghafla
kama msindikizaji aliyekumbuka chungu jikoni.
Mbele yangu njia sita za magari,
na mimi na joho begani, mtoto wa watu aliyelala.
Teksi ilitaka riyali ishirini. Nilikuwa na kumi na mbili.
Tukatazamana, akafunga kioo.

Jua limekaa utosini.
Nilitembea kwenye kivuli cha bango la nyumba zinazouzwa,
kikaisha; nikatembea kwenye kivuli cha nguzo,
chembamba, bega moja moja.

Katikati ya mzunguko, mtu wa Swati alikuwa akinywesha maua.
Kiarabu chake kibovu kuliko changu.
Nikamwigizia treni kwa mdomo, akacheka,
akageuza mpira wa maji, akanichorea njia juu ya lami:
mstari, pindo la kulia, mstari mrefu, nukta.
Alipofika kwenye nukta, mwanzo ulikuwa umekauka.
Nikaisoma mbio mbio, kama barua inayoungua.

Steshini ni baridi, sakafu inang'aa
hata nikaona haya kwa makubadhi yangu.
Shuka ikapitishwa kwenye mashine.
Askari alitazama kioo, nami nikachungulia.
Kitambaa hakikuonekana. Shuka haikuonekana.
Ilikuwepo zari peke yake,
kola na mapande mawili ya kifua
yameelea hewani bila nguo, bila bwana harusi,
miezi miwili ya macho yangu.
Na kushoto, chini ya kola,
tundu moja nililoliruka.

"Nini hii?" akauliza.
"Joho."
"Sawa, pita."

Nduguye bwana harusi, Muntadhari, kijana wa miwani,
alilipokea akiwa kwenye simu,
akalikunja mara mbili, lisivyokunjwa,
akaingia behewa la pili.
Saa tano kasorobo, si zaidi, likaondoka na tundu lake.
Nani atakayeliona? Watu watakula wali, watapiga picha.
Nilibaki nimeshika shuka tupu.

Nikamuuliza mkata tikiti nauli ya Damamu,
nimeuliza tu,
kisha nikamuuliza Kaisaria ni umbali gani.
"Karibu," akasema. Sikumngoja amalize.

Dukani Hajji alikuwa anatia uzi sindanoni,
jicho moja kalifumba.
"Limefika?"
"Limefika."
Hakuniuliza juu ya miguu.
Mimi nami la tundu sikulitaja.