Uzi wa Sentimita Thelathini na Tisa

Uxía, mwanangu,
nimeiteremsha ile tufe yako ya shule kutoka juu ya kabati,
nimeifuta vumbi, Bahari ya Pasifiki ikarudi rangi yake,
nikachukua uzi mweusi, ule wa kupindia suruali za wanaume,
nikaubana kwa kidole gumba hapa, A Coruña,
nikauvuta hadi kwako, Christchurch.

Nimeupitisha Urusi, nikashuka na China:
sentimita thelathini na tisa.
Nikajaribu Brazili, nikakatiza barafu ya kusini:
thelathini na tisa.
Nikasema labda ipo njia ya mkato ambayo marubani hawaijui
(miaka arobaini nimekata vitambaa, najua kubana),
nikaizungusha tufe mpaka shingo yake ikalia kwi.
Kila upande, thelathini na tisa.
Mtu aliye mbali kuliko wewe hayupo.
Ukipiga hatua moja zaidi, binti yangu,
utakuwa umeanza kurudi.

Breixo wa ofisi ya tiketi, mtoto wa yule muuza samaki,
hakupima kwa uzi. Aligonga vitufe,
akasoma kama padri anayewahi chakula:
kilomita elfu ishirini kasoro kidogo.
Madrid, saa moja na dakika kumi; kusubiri, saa tatu.
Doha, saa saba; kusubiri, saa nne na nusu.
Auckland, saa kumi na sita, bila kutua, bila kufungua dirisha.
Kusubiri tena. Halafu kipande cha mwisho, kifupi kama kishikizo.
"Jumla," akasema, "saa thelathini na tano, Bibi Erundina."
Nikamwambia suti ya harusi huchukua hizo hizo,
na mwisho wake mtu huwa na kitu cha kuvaa.

Januari hii saa zetu zimepishana kumi na mbili kamili.
Napenda hivyo. Sihitaji hesabu.
Ikigonga saa mbili kwangu, ni saa mbili kwako:
mimi natia chumvi kwenye supu ya usiku,
wewe unamvua Iria nguo za kulalia.
Mshale uleule, mahali palepale,
jua tu ndilo linalotutofautisha.

Baba yako tulimzika Jumanne.
Ulifika Jumatano,
na maua ya uwanja wa ndege, bei bado imebandikwa.
Watu walisema umechelewa. Mimi sikusema.
Uliondoka simu ikiwa bado ya moto mkononi;
hukuchelewa wewe, saa ndizo zilizokuwa nyingi.
Leo nimezihesabu kwa kidole, moja moja,
na sasa najua ulizikaa vipi, peke yako,
mkanda kiunoni.

"Nikate?" Breixo akauliza, kidole hewani.
Neno langu hilo. Miaka arobaini nimewauliza wateja
mkasi ukiwa wazi, nao wakishusha pumzi.
Nikaliangalia goti langu la kushoto, lisilopenda kukunjwa.
Nikapima tena kichwani.
"Kata," nikasema.

Asali wataninyang'anya forodhani, umeshanionya.
Uzi hawataukuta, nitakuwa nimeufunga kwenye kifundo cha mkono.
Tutamzungushia Iria wa kwake,
mara nne, nadhani,
tuone utabaki kiasi gani.